Kidole Ndani ya Chupa

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa naosha vyombo katika maabara moja ndogo huku Kisauni, Mombasa. Kisomo changu kilikuwa cha darasa la nane, ndoto hazina idadi, na kunyamaza hakuniwezi.

"Dada, humo mna nini?" nilimwuliza mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka bara na chupa zake za bakteria.

Akanieleza kama anayesimulia habari za majirani. Bakteria ana jeni, na jeni haifanyi kazi mpaka inakiliwe. Nakala yake huitwa RNA, na nyingi hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Lakini kuna RNA fupi mno, zisizotengeneza chochote. Kazi yao kuingilia mambo ya wenzao. Aliyokuwa akiitafuta yeye huongezeka bakteria akipata baridi. Kuna protini inayozilalia jeni fulani zisinakiliwe. RNA hii fupi huzuia protini hiyo isitengenezwe, na jeni zilizozimwa huamka.

"Kwa hivyo mdogo ndiye mwenye amri?"

"Mdogo kama wewe," akasema.

Wallahi, siku ile niliosha chupa nikiimba.

Alitakiwa aipate RNA hiyo kwenye filamu kama ile ya eksirei, ionekane kama mstari mweusi, kabla ya kurudi chuoni mwisho wa mwezi. Filamu ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. Ya pili vilevile. Nilipompelekea chai nikamkuta anamwandikia mwalimu wake kwamba anaiacha kazi.

"Glavu navaa kila siku," alilalama. "Jasho la kidole tu laweza kuila RNA yote!"

Nikakiweka kikombe mezani.

Mimi glavu nilizivaa kwa uchafu tu. Kwetu mgeni hapewi chombo kwa mkono uliofunikwa, ataona anachukiwa. Basi chupa zikishakauka nilivua glavu, nikatawadha kabisa, nikaingiza kidole ndani ya kila chupa na kukizungusha. Ikilia kwii, imetakata.

Nikafagia sakafu iliyofagiwa. Nikaenda bombani, nikarudi bila maji. Nikisema, nafukuzwa, na mamangu alishawatangazia majirani kwamba bintiye ni mtafiti. Nisiposema, barua ile itatiwa posta.

"Wewe! Mbona wapita-pita kama kuku atakaye kutaga?"

"Abee, dada. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Nikamwambia. Akaniangalia mikono.

"Kila chupa?"

"Kila chupa. Nyingine mara mbili. Lakini nilitawadha, dada!"

Akajifunika uso, mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka na kulia pamoja.

"Nimelaumu barafu, nimelaumu maji ya Mombasa, nimelaumu akili yangu! Kumbe usafi!" Akaichana barua. "Haya, vaa glavu, leta chupa zote."

Kuchemsha hakutoshi, alisema. Hicho kitu cha jasho hustahimili maji ya moto. Tukazifunga chupa kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, tukazitia kwenye tanuri zikaokwa kutwa nzima. Kila mara nikaenda kuchungulia.

"Toka hapo, si keki!"

Filamu ya tatu niliiona ikiamka ndani ya beseni la dawa. Upande wa bakteria waliokaa kwenye joto, kivuli tu. Upande wa waliokaa kwenye baridi, mstari mwembamba, mweusi, umepinda kidogo. Dada alinishika kifundo cha mkono akakibana hadi kikauma.

Kabla ya kuondoka alimwandikia msimamizi wangu: kosa limesemwa na aliyelitenda, asifukuzwe, naye afundishwe kupima, si kuosha tu. Msimamizi akaisoma amesimama, akanitazama toka miguuni hadi kichwani.

"Tutaona," akasema.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani kwa miguu, maana kukaa kwenye kiti cha matatu nisingeweza, na mlango wetu nikaupita hatua nyingi kabla sijajua.