Mifuko Tumboni mwa Ng'ombe wa Mama Masaka

Siku ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla sijaingiza mguu ndani. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, nimepangiwa Manyoni kuwa mkaguzi wa nyama, nikafika machinjioni alfajiri na buti za mpira zinazonipwaya. Mlangoni alisimama Mzee Rajabu, mchinjaji mkuu, kisu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Utumbo unauzwa kule nyuma, kwa wenzako."

"Sikuja kununua utumbo. Mimi ndiye mkaguzi."

Alinitazama kuanzia kilemba mpaka buti. "Hapa mwanamke haingii."

"Basi leo Manyoni hawali nyama," nikamjibu, nikageuza ndoo yangu nikaikalia pale pale mlangoni.

Sikuwa na ujeuri wa bure. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi haikuruhusiwa kuuzwa, na muhuri ulikuwa mfukoni mwangu. Jua lilipoanza kupanda, wenye mabucha wenyewe ndio waliombembeleza Mzee Rajabu anipishe. Nikaingia. Wakaniita Bibi Nyama, wakidhani wananitania, na mimi nikalipenda jina hilo mpaka leo.

Vijana wa sasa mnadhani ukaguzi ni kugonga mihuri. Thubutu! Kwanza unamtazama ng'ombe angali hai: anavyosimama, anavyopumua, kama pua ina unyevu. Akishachinjwa unapasua tezi, vile vivimbe vidogo vya shingoni na mapajani, kwa kuwa kifua kikuu hujificha humo. Unachana moyo kutafuta vidonge vya tegu. Unakata ini kuangalia minyoo. Mnyama mzima aliyechunwa, sisi wa fani humwita mzoga, lakini nilijifunza mapema kutolitamka neno hilo mbele ya Mzee Rajabu. "Mzoga ni kibudu," alinifokea. "Hii nimeisomea bismillahi mimi, ni nyama!" Kitu kimoja tu hatukukipa muda, nacho ni tumbo kubwa, lile wenye mabucha wanaloliita taulo. Lilipasuliwa pembeni, mavi yakamwagwa shimoni, akina mama wakaenda kuliosha. Nani atazame mavi?

Enzi hizo mtu alikwenda bucha na chombo chake. Mwingine kikapu cha ukindu, mwingine sufuria yenye kifuniko, na mwanamume aliyetoka kazini bila chombo alitungiwa nyama yake kwenye kamba ya gome la mti akaondoka nayo inaning'inia. Hakuna aliyesema anatunza mazingira. Ukisahau kikapu ulirudi nyumbani kukifuata, ukachekwa, mambo yakaisha.

Kisha likaja soko huria. Sisemi lilileta mabaya matupu, maana hata mimi nilifurahi kuona sabuni dukani bila foleni. Ila pamoja na sabuni ikaja mifuko ya nailoni. Jamani, tuliipenda! Mwanzoni akina mama waliifua na kuianika kambani pamoja na kanga. Ilipozidi kuwa mingi ikaanza kutupwa, na mwenye kikapu akaonekana mshamba. Bwana Elia, mwenye bucha kubwa la stendi, akaleta ya kwake yenye mistari ya buluu. Ukinunua nyama unapewa mfuko bure. Watu wakaacha mabucha mengine wakajaa kwake.

Mfuko uliobeba nyama hubaki na damu na chumvi. Kiangazi cha Manyoni mnakijua, hakuna jani. Ng'ombe akikuta kitu chenye chumvi hakiachi. Nilipoanza kuona vipande vya nailoni shimoni, nilikwenda kwa Bwana Mifugo wa Wilaya, mkuu wangu, mtu mpole aliyeogopa kelele kuliko kimeta.

"Mama, huo ni ugonjwa gani?" akaniuliza.

"Si ugonjwa, mzee. Ni mifuko."

"Basi kama si ugonjwa, haituhusu. Kagua nyama."

Nikarudi nimekasirika, na pengine ningebaki na hasira zangu tu kama si Mama Masaka.

Mama Masaka alikuwa mjane aliyekaa nyuma ya stendi na watoto wake. Ng'ombe hakuwa naye, ila Bwana Elia alikuwa amemkabidhi wawili, ng'ombe wa maziwa na mtamba. Huku kwetu ndivyo ilivyo: mwenye mifugo mingi humpa mwingine amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mnyama akifa au akichinjwa, mtunzaji hupeleka ngozi mbele ya wazee ili ionekane hakuuza wala hakumtesa. Ukionekana mtunzaji mbaya, umekwisha. Hakuna atakayekukabidhi hata kuku.

Yule ng'ombe wa maziwa akaanza kukonda. Tumbo kubwa, mbavu nje, maziwa yakakata. Bwana Elia akaja akamwona, akapiga kelele stendi nzima ikasikia. "Huyu mama anakamua tu, halishi! Kesho namchinja, na mtamba wangu namchukua!"

Jioni ile Mama Masaka alikuja nyumbani kwangu, hakutaka hata kukaa.

"Mwanangu, nimemlisha. Haki ya Mungu nimemlisha. Nimekwenda kukata majani mpaka ng'ambo ya reli. Anakula, hanenepi."

"Nakuamini, mama."

"Wewe unaniamini. Ngozi je? Kesho watatandaza ngozi mbele ya wazee, wataona alama za mbavu. Watoto wangu watakunywa nini?"

Jibu nilijua mahali pa kulitafuta. Asubuhi nilifika machinjioni kabla ya wote. Bwana Elia alikuja na wazee wake, na Bwana Mifugo naye akaja, nadhani alikuwa ameshaambiwa kuwa Bibi Nyama atafanya fujo. Ng'ombe akachinjwa, akachunwa. Bwana Elia akaamuru, "Ngozi ileteni hapa. Taulo mwageni."

"Mzee Rajabu," nikasema, "tafadhali usimwage."

Bwana Mifugo akanisogelea. "Mama, kagua nyama. Mavi si kazi yako."

"Leo ni kazi yangu. Na muhuri sigongi mpaka tumbo hili lipasuliwe hapa kwenye sakafu, mbele ya wazee, na si kule shimoni."

Wote tukamtazama Mzee Rajabu, maana kisu kilikuwa chake. Alifuta kisu kwenye shuka yake, akainama, akapasua.

Majani yalikuwa kidogo tu. Nikaingiza mikono nikaanza kuvuta, na kilichotoka kilikuwa kimejisokota kama nguo zilizofuliwa pamoja kwenye beseni. Nikavuta, kikazidi kuja. Nikakiweka sakafuni nikakimwagia maji. Mifuko! Na mingi ilikuwa na mistari ya buluu.

Mzee Rajabu alikaa chini kwa kucheka. "Elia," akasema, "ng'ombe huyu amekula bucha lako lote!"

Wazee hawakuhitaji kuona ngozi. Walimwita Mama Masaka, wakasema mbele ya watu wote kwamba hana kosa, ng'ombe alishiba nailoni akakonda kwa njaa. Nilidhani tumeshinda. Bwana Elia, uso umemwiva kwa aibu, akasema, "Sawa, hana kosa. Lakini mtamba si wangu? Namchukua." Na akamchukua kweli. Hakuna mzee aliyeweza kumzuia, mali ilikuwa yake.

Mama Masaka alinishika mkono. "Jina langu umenirudishia, mwanangu. Mungu akubariki. Maziwa ya watoto ndiyo hakuna aliyenirudishia." Nililia mbele za watu, na sikuona haya. Nililia kwa uchungu, kisha kwa hasira.

Kuanzia wiki ile, nikimaliza ukaguzi nilikwenda kusimama mlangoni kwa Bwana Elia na vikapu vyangu. Mama yeyote akitoka na mfuko wa mistari, namsalimu, namwomba ahamishie nyama kwenye kikapu, mfuko namrudishia Elia mezani. Wengine walinitukana. Wengine walikuwepo machinjioni siku ile, wakaja na vikapu vyao bila kuambiwa. Haikupita muda nikaitwa ofisini.

"Sheria gani inakuruhusu kusimama pale?" Bwana Mifugo akauliza.

"Sheria gani inanikataza, mzee?"

"Unaharibu biashara ya mtu. Nchi sasa ni soko huria!"

"Basi na mimi niko huru."

Nikahamishiwa Ihanja, mbali na Manyoni. Machinjio yenyewe hayakuwepo, palikuwa na karo tu, sakafu ya saruji isiyo na paa. Walidhani nitanyooka. Ng'o! Siku ya kwanza pale nikatangaza: asiye na chombo akakifuate, tunamsubiri. Na tulimsubiri kweli, mwenye bucha akiwa ananung'unika. Kutoka Manyoni nikasikia kwamba Mama Masaka ndiye anayesimama sasa mlangoni kwa Elia, na yeye, tofauti na mimi, hakuna ofisi ya kumhamisha.

Nilistaafu nikiwa mkaguzi yule yule, bila cheo cha kuning'iniza ukutani. Mifuko ile ya nailoni serikali ilikuja kuipiga marufuku, na ndugu zangu wakanipigia simu wakisema, "Bibi, umeshinda, sasa pumzika." Nimeshinda nini? Ingieni dukani leo. Sukari imefungwa kwenye nailoni, karanga kwenye nailoni, barafu kwenye nailoni, na mitaroni imejaa. Watoto wa Mama Masaka walikunywa uji mkavu, usio na maziwa, utoto wao wote, na mimi nikiukumbuka uji ule siwezi kupumzika.

Kwa hiyo kila siku natoka na kikapu na vibakuli vyangu. Mwenye duka jirani, Mwanaidi, ananipenda lakini nimemchosha. Juzi nilimrudishia kijifuko cha karanga, nikamwomba animiminie kwenye bakuli.

"Jamani bibi," akasema, "mfuko mmoja tu!"

"Mwanangu," nikamwambia, "mifuko yote niliyoivuta kwenye tumbo la yule ng'ombe, kila aliyetupa wake alitupa mmoja tu."