Baba na Jina la Mkwe

Kipaza sauti kilikoroma mkononi mwa baba, kisha kikanyamaza. Yalikuwa mahafali yangu ya kidato cha nne, katika shule moja ya mlimani, juu ya kijiji cha Mlali, ambako mzazi hutaja jina la mwanawe ndipo amvishe shada. Mama alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo zamu ilikuwa ya baba.

Nilirithi jina la bibi mzaa mama, na kwetu mwanamume hatamki jina la mkwe wake. Nilipoanza darasa la kwanza, mwalimu alipouliza jina langu, baba alinigusa bega: “Jisemee, mama.” Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, alimuuliza mwalimu mkuu, “Huyu wangu kapita?”

“Mzee, mtaje binti!” mshereheshaji alihimiza.

“Kasahau jina la mtoto!” mtu akapaza sauti nyuma.

Watu wakacheka. Nikajiandaa kurudi kitini shingo tupu.

Bibi huyo mzaa mama alikaa mstari wa mbele. Huyu husikia hata kuku anayenyatia mahindi uani, lakini siku hiyo aliamua kuwa kiziwi. Taratibu akavuta khanga, akaziba masikio yote mawili, akageukia milimani.

Baba akasogeza kipaza sauti mdomoni.

“Perpetua.”