Mahali Pasipouma

Penitila mwana wa Faaolo alizaliwa katika kijiji chetu cha kusini mwa kisiwa cha Upolu, akalelewa humo, na humo amezikwa. Hakuwa mtu mwovu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao ulijulikana kwa wote: alianza mambo kwa moyo mkunjufu, asiyamalize. Alikwenda chuo cha uchungaji akarejea kabla ya masomo kukolea. Alijenga nyumba ikabaki nguzo na paa, kuku wakaifanya makao yao. Katika kwaya alikuwa na sauti nzito iliyotetemesha mbao za kanisa, lakini sikukuu ilipokaribia, wakati wa mazoezi magumu, hakuonekana. Watu walimwita Nusu. Naye aliitika, akacheka pamoja nao, na ni mkewe Moelagi pekee aliyejua uchungu uliokuwamo katika kicheko kile.

Alipokwisha kuota mvi, ukoo ulikubaliana kumrithisha cheo cha marehemu baba yake, kwa sharti kwamba kwanza avae pe'a. Vazi hilo halishonwi. Ni chale za wino mweusi zinazomfunika mwanamume kutoka kiunoni hadi magotini, nazo zikishaanza hazikatizwi. Aliyeshindwa katikati huitwa mkatikaji hadi siku ya kufa kwake, na watoto wake huitwa watoto wa mkatikaji. Wala mtu hachanjwi peke yake. Huwa na mwenzi, wakapokezana mkeka na maumivu, na mmoja akivunjika, kazi ya mwenziwe pia huingia doa. Mwenzi wa Penitila alikuwa mdogo wake Ielu, fundi wa injini za mashua, kijana wa maneno mengi.

Siku ya kwanza mzee Lautusi, fundi wa pe'a, alipanga vitana vyake vya meno makali, vilivyochemshwa, akamtazama Penitila kwa jicho moja.

"Nusu, lala ubavu. Na kama una nia ya kukimbia, kimbia sasa hivi. Nikishagonga mara moja, wewe ni wangu."

"Gonga, mzee. Safari hii utachoka wewe."

Ielu akadakia, "Kaka, ukikimbia nipitie na mimi. Usiniache hapa na huyu babu."

"Wewe nyamaza," akasema Lautusi. "Mdomo wako nao nitauchanja."

Wakacheka, na wanawake waliokaa pembeni wakaanza kuimba ili kufunika sauti ya kigongo kikigonga kitana.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ikakaribia mwisho. Mlango ambao maradhi yaliingilia, Mwenyezi Mungu ndiye aujuaye. Fundi alikuwa msafi wa vyombo na mikono. Lakini Penitila, katika siku za mapumziko, hakupumzika. Alishuka bondeni, kwenye matope ya majimbi, vidonda vikiwa wazi, ili watu wamwone anafanya kazi. Ielu naye akamfuata, kwa kuwa mwenzi hubaki na mwenziwe.

Paja la kushoto la Penitila likavimba, likawa la moto. Hakuna aliyeshtuka. Kila avaaye pe'a huvimba na kupata homa, na wekundu ambao ungemtisha hata mtoto ulikuwa umefichwa na wino. Maumivu yakazidi hata akauma mkeka kwa meno. Kisha, asubuhi moja, yakakoma.

"Moelagi," akaita kwa furaha, "mguu umeacha kuuma. Maombi yamefika."

Mkewe akaweka kiganja juu ya paja. Ngozi ilikuwa ngumu kama ubao, nayo ilitoa harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chombo. Akafinya kwa ukucha. Penitila hakugutuka.

"Twende hospitali leo, mume wangu."

"Kesho."

"Mguu huu si mzima."

"Kesho ni kitovu. Kimebaki kitovu tu, mke wangu, alama ndogo kama ganda la konokono. Nikiondoka leo nimekatika, na Ielu nimemkata. Niache nimalize jambo moja katika maisha yangu."

Moelagi angeweza kupaza sauti wazee wakaja. Alitazama uso wa mumewe, akaenda kuchemsha maji.

Kitovu kikachanjwa. Ndugu wawili wakapakwa mafuta na manjano miilini, wakasimamishwa mbele ya watu. Penitila alicheza hatua chache, huku akitabasamu kama bwana harusi, akaanguka. Ielu aliyemdaka naye alikuwa akitetemeka, na watu wakadhani ni kwa hofu.

Katika hospitali ya mjini alipokewa na Daktari Fetuao, mwanamke wa makamo, bingwa wa kurekebisha ngozi na nyama zilizoharibika. Utafiti wake wa miaka mingi ulihusu uozo huu unaokimbia chini ya ngozi ukila nyama. Alitafuta njia ya kuujua mpaka wake mapema, ili akate kidogo na ibaki ngozi ya kutosha kuziba pengo. Kwa wagonjwa wengine alizungushia wekundu mstari wa kalamu, akapiga picha, akarudi kuona kama wekundu umeuvuka. Kwa mwenye pe'a mbinu hiyo haikufaa kitu. Kwa hiyo alitumia sindano: mahali ambapo mgonjwa haisikii tena, uozo umekwisha kuua mishipa ya fahamu chini yake. Hakuwa na kipimo kingine zaidi ya neno la mgonjwa.

Kuhusu paja Penitila hakubisha; hali yake ilijisema yenyewe. Wakamkata nyama iliyooza kutoka nyonga hadi karibu na goti, na kazi ya siku nyingi ya mzee Lautusi ikatupwa ndooni. Alipozinduka, daktari akamweleza waziwazi.

"Baba, uozo ukiishia pajani, nitachukua ngozi ya mgongoni kwako niipandikize hapo, na utatembea. Ukipanda tumboni, sitasubiri kesho. Nitakurudisha chumba cha upasuaji leo hii, nikate hata penye kitovu. Basi nataka uniambie kweli."

Jioni akaja na sindano yake. Ndugu wa ukoo walikuwa wamesimama kukizunguka kitanda, Ielu miongoni mwao, ameegemea ukuta.

"Hapa?"

"Naisikia."

"Na hapa, kwenye kinena?"

"Naisikia, daktari."

Sindano ikapanda kuelekea kitovu. Penitila aliufuata mkono wa daktari kwa macho, na kila uliposhuka alijibu, pasipo kuchelewa wala kuwahi. Moelagi, aliyesimama miguuni pake, alitazama vidole. Sindano ilipogusa kinena, vidole vya mguu wa kulia vilijikunja. Sasa vilitulia kama vya mtu aliyelala usingizi.

"Baba Penitila," daktari akasema, "jibu la ushujaa silitaki. Mimi si fundi wa pe'a."

"Inauma sana. Nikuongezee kilio ndipo uamini?"

Ndugu wakacheka. Daktari hakucheka. Akamgeukia mke.

"Mama, wewe unamjua. Unaonaje?"

Moelagi alikitazama kitovu. Ilikuwa alama ndogo, safi, bado mbichi, na ndiyo iliyomtenga mumewe na jina la Nusu. Akawatazama ndugu, nao walikuwa wakimtazama yeye.

"Mwili ni wake," akasema.

Daktari akaandika neno la mgonjwa, kwa kuwa ndivyo utafiti wake ulivyotaka, akachora mstari chini ya kitovu, mahali alipoishia kupima, akaondoka. Kulipopambazuka tumbo lilikuwa limekuwa gumu hadi mbavuni. Penitila alikata roho wakati kitanda chake kikisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji.

Waliomwosha waliona kitovu kikiwa kizima, wakasifu. Mazishini mzungumzaji wa kijiji, akiwa na fimbo yake mkononi na usinga begani, alimtaja kwa jina la cheo cha baba yake, akasema kwamba huyu alikwenda hadi mwisho. Watu waliitikia kwa sauti moja. Moelagi hakuitikia. Alikuwa akimtazama Ielu, ambaye tangu mwanzo wa ibada alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ameugusisha ardhi kwa ncha ya vidole.

Akamwendea mbele ya watu wote, kaburi likiwa bado halijafunikwa.

"Shemeji, mguu wako vipi?"

"Haujambo."

"Unauma?"

"Ulikuwa unaniua, dada. Tangu asubuhi umeacha."

Moelagi alimshika kifundo cha mkono. Mzee mmoja akanong'ona kwamba si adabu, amwache kijana amzike kakaye. Hakumwacha. Alimburuta hadi kwenye gari la jirani, matope ya kaburini yakiwa yangali viatuni.

Hospitalini Daktari Fetuao alitoa sindano. Moelagi akamzuia.

"Ngoja, daktari. Mume wangu alikudanganya. Alikuwa anautazama mkono wako, ukishuka anajibu. Niliona, nikanyamaza. Huyu mfunike macho."

Daktari alimtazama bila lawama na bila huruma. Kisha akachukua kitambaa cha kijani, akakikunja, akamfunga Ielu.

"Mnaniozesha mke au vipi?" akauliza Ielu. "Basi awe mzuri."

"Tulia, kijana. Ukiisikia, sema."

Akachoma muundi.

"Hiyo hapo."

Akachoma juu ya goti.

"Nayo naisikia."

Akachoma paja, katikati ya wino. Ielu aliinua kidevu kidogo, kama asikilizaye nyayo mlangoni, midomo yake ikiwa tayari kujibu, akaendelea kuingoja sindano.