Flashi Niliyonunua kwa Huruma

Juzi nilisimama kwenye kaunta ya duka moja la Kivinje ambako watu hujaziwa kaswida na mawaidha kwenye flashi. Kwenye benchi alikaa mwalimu mstaafu, simu mkononi, akitazama kila mteja ametoka na nini.

"Umeshauza flashi ngapi?" akamuuliza mwenye duka.

"Ile ile moja, mwalimu. Tangu asubuhi waniuliza, umekuwa mtu wa mapato?"

Mwalimu akashusha sauti. Fedha za Hija, yake na ya mkewe, amenunulia hisa za kampuni ya ng'ambo inayotengeneza flashi. "Sasa nasikia wenzao wanaleta chipu za namna nyingine, zenye kasi kuliko hizi. Na mama watoto anajua fedha ziko benki."

Mwenye duka akaonyesha boksi la kaseti lililojaa vumbi. "Hata hizo zilikuwa na wenyewe."

Akaingia mama mmoja. "Mwanangu, kaswida nirushie kwenye simu tu."

Mwalimu akafumba macho, kisha akanigeukia. "Na wewe umefuata nini?"

Nami nilifuata kurushiwa kwenye simu. "Flashi, mwalimu," nikasema, nikanunua moja na kuiinua aione. Astaghfirullah, nilidhani uongo wa huruma hauna madhara.

"Alhamdulillahi, soko lipo!" akasema, na pale pale akabonyeza simu, akanunua hisa nyingine kwa akiba iliyobaki.

Flashi ninayo mfukoni mpaka leo. Nyumbani sina pa kuichomeka, na msikitini namtafuta alipo, nikasimame mbali naye.