Mtaalamu wa Darubini Asiyewahi Kushika Bunduki

Hii stori nawapa mkiahidi kucheka polepole, maana mshono bado uko hapa juu ya nyusi, mnauona, umepinda kama ukucha, na kila aliyeniuliza nimemwambia niligonga mlango wa kabati. Si kabati. Ni aibu tupu, na niliipata mchana kweupe mbele ya watu wa Kitisuru waliokuja kustarehe na watoto wao, mimi nikiwa chali kwenye nyasi namwita mama yangu (ambaye alikufa zamani, Mungu amrehemu, sijui nilitaka atoke huko aje afanye nini).

Wengine mnajua kazi yangu. Mimi ni fundi wa miwani pale mjini, ghorofani, nasaga vioo na kuvipachika kwenye fremu, na kabla mteja hajapewa miwani yake mimi napima kila kioo kwa kamashine fulani ambako unabandika jicho kabisa, mpaka kope ziguse, ndio uone vizuri mistari ya ndani. Nimebandika jicho hivyo tangu nikiwa kijana. Jioni nafunga kazi, narudi Kabiria, nafungua mlango, na hakuna mtu wa kuuliza nani huyo. Tangu mke wangu aage, sauti iliyobaki kwa nyumba ni ya friji. Binti yangu yuko Eldoret, hupiga simu Krismasi na siku akibonyeza namba yangu kwa bahati mbaya. Kanisani watu hunisalimia, "Sasa Wambua, uko poa?" na kabla sijajibu wameshanipita wanamsalimia mwingine. Kuna Jumatatu nilikuwa nafika kazini, nafungua mdomo kumjibu mteja, nakuta sauti imekauka kwa sababu wikendi nzima sijaongea na mtu.

Sasa jioni moja, nikiwa napekua simu bila kutafuta kitu, nikaangukia kundi la wawindaji. Wengi walikuwa Watanzania, kwa sababu kule mtu hupewa kibali na msimu wake akawinda, si kama hapa kwetu, ukipatikana na paja la swala unalala ndani. Mmoja alikuwa anauliza mbona darubini ya bunduki yake inaingia ukungu asubuhi. Haiya, hilo si nalijua! Kioo ni kioo, kiwe cha miwani au cha kulengea mnyama. Nikamwandikia kwamba mpira wa kuziba umechoka, hewa yenye maji inaingia, atafute iliyozibwa sawasawa. Wakafurahi, mwingine akauliza lake, nikajibu, nikaanza kusoma na kutazama video kila jioni ili nisikose jibu, na punde si punde nikawa mimi ndiye wa kuulizwa: msidanganywe na darubini inayokuza sana, tazameni kama kioo kinaona vizuri jua likizama, zungusheni vitufe vyake msikie kama vinalia sawa, pigeni risasi kadhaa mwone kama alama ya ndani imehama, kwa sababu ikihama hiyo ni takataka, na tafadhali acheni nafasi ya kiganja kati ya jicho na kioo, maana bunduki ikirudi nyuma itawapasua uso. (Hayo niliyaandika mimi, kwa vidole hivi hivi. Endeleeni kusikiliza.) Wakaanza kuniita Mtaalamu.

Halafu ndio likaja swali lenyewe. Aliuliza Mzee Kalinga, mkulima wa Babati, mtu mstaarabu, wa kuandika neno zima zima bila kukata. "Mtaalamu, mwenzetu unatumia bunduki gani?" Hapo ningesema tu situmii, mimi ni fundi wa miwani, kwaheri. Badala yake nikaandika: "Ya marehemu baba." Jamani, baba yangu alikuwa katekista huko Kitui, chombo kizito alichowahi kushika ni kengele ya kanisa! Lakini mmoja aliyeona jina langu akadakia, "Mkamba tena, hao wanazaliwa na uwindaji," wengine wakaweka vidole gumba, nami nikanyamaza nikaviangalia vile vidole gumba nikaona raha.

Kuanzia hapo Mzee Kalinga akawa ananitumia sauti kila asubuhi. "Umeamkaje, Mtaalamu? Hapa kwetu kumenyesha." Basi, hiyo tu. Hamwezi kujua inavyokuwa, mtu umeamka peke yako, unasubiri maji yachemke, na kuna mtu mahali fulani anataka kujua umeamkaje. Nilikuwa naisikiliza mara mbili, moja nikivaa na nyingine nikifunga mlango.

Siku moja akanitumia sauti ndefu, ya chini. Msimu uliopita alimpiga swala vibaya, mnyama akaondoka anavuja damu, wakamfuata mpaka wakampoteza. "Wanangu sijawaambia," akasema. "Watanichukulia bunduki, watasema baba amezeeka. Nakwambia wewe kwa kuwa ni mwindaji, unaelewa." Nikamjibu, "Naelewa, Mzee." Sikuelewa chochote. Akasema darubini yake imechakaa, haoni vizuri tena, na kwa kuwa Nairobi kuna maduka mazuri atakuja, nimsaidie kuchagua moja ya kuaminika, na kama si usumbufu alale kwangu siku mbili tatu. Usumbufu! Nilinunua shuka mpya. Nilimwambia jirani nina mgeni anakuja, na kesho yake nikamwambia tena, mpaka akaniangalia vibaya.

Akaja Ijumaa jioni na mchele wake kwenye mfuko na kofia yake kichwani, mrefu, mpole, akanikumbatia pale stendi kama ndugu. Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye duka la silaha huko mjini, lile la mlango wa chuma ambapo unabonyeza kengele na kuchunguzwa kwanza. Mwenye duka anaitwa Madam Njoki, mama wa Muthangari, mkavu, anaongea na wateja kama amewapata wakiiba maembe. Akasoma vibali vya Mzee vya kwao, akaridhika, akatupangia darubini juu ya kaunta.

Mzee akachukua ya kwanza, akaielekeza dirishani. "Hii ina ukungu," akasema. Akachukua nyingine. "Na hii pia." Akapewa ile nzuri kabisa, ya kufungiwa kabatini. "Mama, hata hii mbona kama moshi?"

"Moshi?" Madam Njoki akashtuka. "Hio ndio kioo safi kuliko zote hapa. Wewe mwenzake, hebu angalia."

Nikaangalia. Kioo kilikuwa safi kama maji. Nikamgeukia Mzee, na kwa kuwa alikuwa amesimama kwenye mwanga wa dirisha, nikaona: katikati ya mboni ya jicho lake la kulia kulikuwa na weupe. Mtoto wa jicho. Watu wa aina hiyo huja kwetu kila mara wakitaka miwani, nami huwaambia palepale, mzee wangu, miwani haitakusaidia, nenda hospitali wakutoe hicho kitu, utaona vizuri. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini nikiyasema ataniuliza nimejuaje, na nikimwambia nimejuaje basi bunduki ya marehemu baba imekwenda, Mtaalamu amekwenda, na zile asubuhi zangu zote zimekwenda. Nikayameza. Nikasema, "Chukua hii, Mzee. Inaingiza mwanga zaidi," na akanishukuru sana.

Nilidhani yameisha. Lakini Madam Njoki hauzi darubini bila kuijaribu. "Sirudishii mtu pesa yake akija hapa kulia," akasema, "Jumamosi napeleka wateja kwa range, ingieni kwa gari." Range ni uwanja wa kulenga shabaha, uko mbele ya Kitisuru, umezungukwa na miti, na nilikuta watu wengi kuliko harusi: mabwana na miwani ya jua, akina mama wamefungua vikapu vya chakula, watoto wamezibwa masikio wanakimbizana huko nyuma. Ile darubini ikafungwa juu ya bunduki ya uwanja. Mimi nilikuwa nimejipanga nyuma kabisa, karibu na choo, nikitafakari kuumwa na tumbo.

"Mtaalamu aanze," Mzee Kalinga akasema kwa sauti, tena kwa fahari, akiwaonyesha watu. "Nataka nijifunze kwake."

Mkufunzi wa pale, kijana mwenye shingo nene, akaniuliza, "Umewahi kupiga, mzee?"

"Sana," nikasema. (Sana! Ningeweza kusema "kidogo", ningeweza kusema "zamani", lakini mdomo wangu siku hiyo ulikuwa umekunywa.)

Nikaketi kwenye kistuli. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Nikajikumbusha nafasi ya kiganja, naapa nilijikumbusha, lakini mara tu kile kioo kilipofika mbele ya uso, jicho langu halikuniuliza, lilikwenda lenyewe likajibandika kama linavyojibandika kazini kila siku, mpaka kope zikagusa. Na niliona vizuri ajabu! Niliona mkunjo wa karatasi kule mbali. Nikawaza, hiki kweli ni kioo. Nikavuta.

Sijui kilichofuata kilifuata vipi. Nilisikia mlio, nikasikia kitu kama nyundo hapa, mbingu ikazunguka, na nikawa chini na kile kistuli juu yangu. Nikagusa uso, mkono ukarudi umejaa damu. Basi nikapiga kelele zote nilizokuwa nimeziweka tangu mke wangu azikwe. "Nimepigwa! Nimepigwa risasi! Mamaa! Mama wee, wananiua!"

Uwanja mzima ukalala chini. Filimbi ikalia, bwana mmoja akaingia chini ya gari lake, mama mmoja akamfunika mtoto kwa mwili na mwingine akajifunika na sinia ya pilau, Madam Njoki akawa kifudifudi kwenye vumbi na sketi yake ya maana, watu wanaomba Mungu kwa lugha zote za Kenya. Mkufunzi akaja akitambaa, akanipangusa kwa leso, akanitazama karibu, halafu (kwa vile alikuwa amevaa vizibo vya masikio, hajui anapayuka) akatangaza: "Si risasi! Ni darubini imemgonga! Amebandika jicho!"

Vichwa vikainuka kimoja kimoja, kisha wakaanza kucheka. Walicheka wakijipangusa nyasi, wakacheka mpaka watoto. Na yule mkufunzi, bado anapayuka, akaniuliza, "Buda, hujawahi kushika bunduki wewe?"

Mzee Kalinga alikuwa amesimama kando na kofia yake mkononi. Yeye hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu kama wengine.

"Hapana," nikasema.

Alinisindikiza mpaka zahanati, kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alikaa kwenye benchi nikishonwa, na nilipotoka na bandeji yangu nikakaa kando yake nikamweleza yote: baba katekista, miwani, zile jioni. Halafu nikamwambia lililobaki, maana lilikuwa linanichoma kuliko mshono. "Mzee, ule ukungu hauko kwenye kioo. Uko kwenye jicho lako. Ni mtoto wa jicho."

Akaigeuza kofia yake magotini. "Ulijua tangu dukani?"

"Nilijua."

"Mwanangu mdogo hutangulia mbele yangu kule porini," akasema, taratibu tu, bila kukasirika. "Huwa namwona kama kivuli kwenye nyasi. Wewe ungeniacha nirudi hivyo, Wambua."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Tukarudi Kabiria, akachukua mfuko wake, mchele akaniachia, akapanda gari la jioni la Namanga. Ile darubini hakuinunua. Zile shuka mpya alizilalia usiku mmoja tu, nikazikunja nikaziweka.

Kwenye kundi niliandika ukweli kisha nikajitoa kabla sijasoma majibu. Asubuhi zikawa kama zamani, maji yanachemka, simu imelala mezani. Nilimwandikia Mzee kuuliza kama alifika salama, nikaona amesoma, hakujibu. Nilikuwa naisikiliza ile sauti yake ya zamani, ya kwetu kumenyesha, mpaka nikaona najitesa nikaacha. Nisiwadanganye, nililia, mtu mzima na mvi hizi.

Halafu Jumapili moja, nimetoka kanisani, bado sijavua viatu, simu ikalia.

"Wambua," akasema.

"Mzee."

"Wamenitoa ule ukungu. Jicho la kulia. Daktari amenikataza kuinama na kusoma, nimelazwa hapa kitandani kama furushi, wanangu wamekwenda shambani. Bunduki nimewapa waifungie kwanza." Akakohoa. "Wewe uko wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikatafuta cha kusema, hata nikafikiria kumwambia nina wageni. "Peke yangu, Mzee," nikasema. "Mimi huwa niko peke yangu."

Nikasikia kitanda chake kikilia, kama amejigeuza.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema. "Ningekuja tu."

Kwa hivyo nimeapa. Bunduki sitaigusa tena, na kitu nisichokijua nitasema sikijui, lakini kubwa zaidi ni kwamba nikitaka mtu sitamtafutia sababu, nitamwambia njoo. Ndio maana nimewaita leo, hakuna sherehe yoyote, nilidanganya kwamba ni siku ya kuzaliwa, hapo mnisamehe. Msiende bado. Chai iko.