Tundu Ubavuni mwa Murina

Bachisio Curreli hajawahi kumiliki bunduki. Kwa miaka mingi kazi yake katika kundi la wawindaji wa kijiji chao, milimani Sardinia, imekuwa kuingia na mbwa ndani ya vichaka vya mihadasi na miiba, akipiga kelele, ili nguruwe mwitu wakurupuke na kuwakimbilia wenye bunduki waliopangwa ukingoni. Sheria ni mbili: mtu asiondoke mahali alipowekwa, na asifyatue risasi kabla ya kumwona mnyama mzima. Uhai wa Bachisio unategemea hizo mbili.

Jumapili moja Murina, mbwa wake jike, alitolewa vichakani amekufa.

"Nguruwe kamchana," walisema wote.

Bachisio alimbeba nyumbani, akamwosha damu kabla ya kumzika. Ubavuni palikuwa na tundu dogo la mviringo. Jino la nguruwe huchana, halitoboi hivyo.

Tangu hapo hakumwamini mtu. Aliyekaa karibu na chemchemi, upande alikofia Murina, ni Gonario Pisanu, kumpare wake, aliyemsimamia mwanawe ubatizo. Katikati ya wiki Bachisio alimwita njiani kwa nyuma: "Kumpare, Murina alikufaje?" Gonario akaendelea kutembea, hata shingo hakugeuza. Kwenye baa ya kijiji Gonario alicheka kila wengine walipocheka, akikodolea macho midomo ya watu kama anayehofia kutajwa.

"Unamwogopa?" mkewe Grassia alimuuliza Jumapili iliyofuata, akimfungia jibini na mkate mkavu.

"Naogopa kuwa mbele yake."

"Basi usiende. Wakuite mwoga, mimi nitabaki na mume."

"Nisipokwenda sitajua."

Mzee Sidore, kiongozi wa msako, alimpanga Gonario tena pale pale chemchemini. Bachisio aliwaachia mbwa, akapiga kelele mpaka katikati ya kichaka, kisha akanyamaza, jambo ambalo mtu wa kazi yake hafanyi kamwe. Akatambaa kufuata mkondo wa maji, akaibukia nyuma ya chemchemi. Jiwe alilopangiwa Gonario kukaa lilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa chini zaidi, ndani ya miiba, bunduki begani, ameielekeza kwenye majani yaliyokuwa yakitikisika.

"Kumpare."

Mtutu haukusogea.

"Gonario, shusha hiyo bunduki."

Walikuwa wameachana hatua chache tu, na Gonario hakugeuka. Bachisio alikuwa amejiandaa kudanganywa, hili hakulitarajia. Akaunyanyua mtutu kwa fimbo yake. Gonario akaruka, uso umempauka, macho yakaenda moja kwa moja mdomoni mwa Bachisio.

"Tangu lini husikii?"

"Nasikia. Sema taratibu."

"Mbwa wako wapi sasa hivi?"

Gonario akayatazama majani, akaonyesha mbele. Mbwa walikuwa wakibweka nyuma yao.

"Nikikaa pale juu siambulii kitu," akasema hatimaye. "Niliona majani yanatikisika. Sikumsikia akibweka, kumpare. Naapa."

"Na mimi ninayepayuka humu ndani?"

Gonario akaishusha bunduki. Safari hii alikuwa ameelewa.

"Toa risasi," Bachisio akamwambia. "Na utasema mwenyewe, mbele ya wote, nyama ikigawanywa."

Jioni nyama iligawanywa mafungu sawa. Kama kawaida, mtu mmoja aliyapa mafungu mgongo ili ataje majina bila kupendelea. Kabla hajaanza, Gonario alisema:

"Murina nilimuua mimi. Niliondoka mahali pangu."

Ya masikio hakuyagusa, na Bachisio hakumwongezea.

"Bunduki utaiacha nyumbani," alisema Mzee Sidore. "Hatuna kazi nawe."

"Huyu nipeni mimi," Bachisio akasema. "Koo la kupayukia analo."

Siku hizi Gonario anaingia vichakani mikono mitupu, akipayuka kuliko wote. Bachisio humtanguliza kila mara. Grassia alipomuuliza kwa nini wasiende bega kwa bega, alijibu akifunga kamba za viatu:

"Nataka nimwone."