Serikali Isiyoweza Kudai Mchele

Nimesomesha historia hapa mjini miaka mingi, na kila nikifika kwenye serikali ya mwanzo ya Wamarekani, darasa husinzia. Nawaeleza kwamba walipojitoa kwa Mwingereza walikuwa wamechoka kutawaliwa, hata wakaunda serikali isiyoweza kumtoza mtu kodi. Ilikuwa ikiyaomba majimbo tu, na kuibadili ilitakiwa yote kumi na matatu yakubali. Wanafunzi wanaandika, wanafanya mtihani, wanasahau. Mimi mtu wa hamaki, na jambo hilo lilinichoma.

Basi mwaka jana nikawapa kidato cha tatu matembezi ya Mangapwani, wayaendeshe kwa sheria hizo hizo. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande. Alisema yakiharibika, somo langu halitoki tena nje ya darasa, nirudi kwenye chaki yangu.

Wakajigawa kwa sehemu wanazotoka, makundi saba. La saba lilikuwa la mtu mmoja, msichana wa kisiwa cha Tumbatu anayekaa mjini kwa shangazi yake. Wakamchagua msichana wa Bububu awe rais, rais wa kuomba tu. Wakaafikiana kupika pilau, na kila kundi lilete litakacho.

Tulipofika pwani vikapu vikafunguliwa. Kundi la kwanza limeleta bizari ya pilau. La pili, bizari. La tatu, bizari na jiko la kuazima. Ikawa hivyo mpaka la sita. Kwetu hakuna nyumba isiyo na mdalasini na iliki, na kila mmoja alidhani mchele wataleta wenzake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtumbatu peke yake ndiye aliyeleta kitu cha kutafuna, pweza mkavu.

Adhuhuri ikaingia, njaa ikaanza kuuma, vicheko vikapungua. Rais akaomba, akabembeleza. Kila kundi likajibu kwamba lishaleta lake. Wakanigeukia mimi niamue. Ulimi uliniwasha, kwani gari tulikuwa nalo na mchele haukuwa mbali. Lakini ningeamua, ningekuwa mkoloni, na somo limekwisha. Nikawaambia serikali ni wao, nikaenda kukaa pembeni, nikiogopa kwa kweli kumrudishia mwalimu mkuu watoto wenye njaa.

Wakataka kuibadili sheria, rais apewe nguvu ya kuagiza. Makundi sita yakakubali. Wa Tumbatu akakataa. Walimzonga kwa maneno, yeye ametulia tu.

"Nyinyi wengi," alisema. "Mkishapata nguvu, mtanambia mie kila siku nioshe masufuria. N'takubali, lakini kila kundi liwe na kura moja, na rais akitoza, aanzie kwao mwenyewe."

Wenye makundi makubwa wakanuna kidogo. Harufu ya pweza kikapuni mwake ikawalainisha, wakakubali wote saba. Nilitamani kumkumbatia yule mtoto. Nusu saa na tumbo tupu vilikuwa vimefanya kazi iliyonishinda miaka yote.

Rais akasimama, akaniita.

"Mwalimu."

"Naam."

"Panda gari, nenda kwetu Bububu. Mwambie mama serikali inadai mchele, na nyumba ya kwanza kutozwa ni yetu."

Nikainuka upesi, nikakung'uta mchanga nguoni, nikaenda nilikotumwa.